Shokapu za Bwana Jitu

Nyote mnaoendesha nasi baiskeli siku za mapumziko mmeniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake. Wenye upole mmeuliza, "Mabula, mlifika salama?" Wengine, na mnajijua, mmeuliza huku meno yote yako nje: "Tumemwona Bwana Jitu anashuka kwenye basi na baiskeli yake, wewe ulimtupa wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande dukani huku mteja anasubiri dawa ya kupe wa ng'ombe wake. Nimeamua kukaa chini niandike yote mara moja. Panapochekesha mcheke, sikatazi, lakini mjue kwamba mimi mwenyewe nacheka kwa shida.

Maandalizi siyaelezi, yanachosha. Mnachotakiwa kujua ni hiki. Bwana Jitu, ambaye jina lake kamili ni Jitendra ila hakuna anayelitumia tangu mwili wake ulipolingana na lile fupi, amefunga duka la vifaa vya ujenzi ambalo marehemu baba yake alilihamishia Mwanza kutoka Ukerewe. Anahamia ng'ambo kwa binti yake. Alizaliwa Nansio, huko huko kisiwani Ukerewe, na kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani, aliyemlea ni mwanamke wa Kikerewe, jirani yao, anaitwa Mama Konsolata. Jitu humwita mama, basi, bila kuongeza neno. Bibi huyo yu hai na ni mzee sana. Jitu alimwahidi kwamba hataondoka nchini bila kwenda kumuaga, na kwamba atakwenda kwa baiskeli, maana yeye ndiye aliyemshikia siti siku ya kwanza alipojifunza kuendesha.

Akaniomba nimsindikize. Tutoke Alhamisi, tufike Ijumaa, Jumamosi mchana apande meli ya kurudi Mwanza, na Jumapili asubuhi ndege yake inaondoka. Hapakuwa na nafasi nyingine zaidi ya hiyo.

Ilemela hadi Kisesa

Siku ya kuamkia safari Jitu aliniita dukani. Rafu zilikuwa tupu, vumbi tu. Baiskeli yangu niliyokuwa nimemwachia aikague ilikuwa imesimama katikati ya duka, na mbele, badala ya ule uma wangu wa chuma uliokuwa unanitetemesha mpaka meno, palikuwa na shokapu mpya nyeusi zinazong'aa. Alikuwa ameziagiza pamoja na mzigo wake wa mwisho na fundi alikuwa amezifunga tayari. Akapanda mwenyewe anionyeshe, akazunguka nayo uani, na mbele pakabonyea na kurudi taratibu chini ya uzito wake kama godoro jipya. Mnamfahamu Jitu alivyo.

"Nimejaza upepo wa mwili wangu mimi," akasema huku anashuka. "Wewe huna mwili. Kapunguze mpaka ikukubali."

Nilitaka kumuuliza neno lakini mnunuzi wa zile rafu akaingia, wakaanza kubishana, nami nikaondoka nimefurahi kuliko nilivyoweza kusema. Nilipofika nyumbani nikafanya alivyoniagiza. Niliinama, nikafungua kifuniko cha tairi la mbele, nikapunguza upepo. La nyuma nalo kidogo.

Asubuhi, hata hatujamaliza mteremko wa mawe wa kwetu Ilemela, nilijua kuna jambo. Usukani ulikuwa unatangatanga. Nikielekea kushoto unataka kulia, na gurudumu likigusa kijiwe mbele panarushwa juu kana kwamba nimepigwa teke. Kwenye kupanda ikawa mbaya zaidi: tairi la mbele linanyanyuka, halishiki ardhi, nami nimelala juu ya usukani kama mtu anayemkaba mbuzi. Wakati ule wote Jitu alikuwa pembeni yangu anazitazama zile shokapu kwa macho ya mzazi siku ya mahafali.

"Vipi shokapu?"

"Safi kabisa," nikasema.

Mtaniuliza kwa nini. Kwetu mtu akikupa kitu hukikosoi mbele yake. Shati likikubana unavuta pumzi na kushukuru, ukifika nyumbani ndipo unalivua. Mama yangu angenifinya kwa kosa kama hilo hata leo, na mimi ni mtu wa mvi. Tena hii ilikuwa zawadi ya mwisho ya mtu anayehama. Nikaona nitaimudu.

Tulipofika Kisesa alisimama kununua ndizi. Nikakumbuka maagizo yake, "kapunguze mpaka ikukubali," nikainama haraka nikapunguza tena. Haikunikubali.

Kisesa hadi Magu

Tuliiacha lami kwa ajili ya malori, tukafuata njia za ng'ombe upande wa ziwani. Mnazijua: mchanga, mizizi, mawe. Tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe, mpira wa ndani unabanwa na rimu na kutoboka. Pancha ya kwanza tuliicheka. Ya pili Jitu aliziba yeye, anapiga mluzi. Ya tatu hakupiga mluzi.

Nyanguge tulisimama kunywa chai. Nikasema naenda kujisaidia, nikamfuata fundi baiskeli aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mifugo. Nilimweleza kwa kunong'ona. Yeye hakunong'ona.

"Shokapu za pikipiki hizi! Nani kakudanganya?"

"Polepole bwana. Usukani unayumba."

Akautikisa. "Gololi zimeregea. Ngoja tukaze."

Akakaza. Akakaza tena, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, akasema sasa hautayumba tena maisha yangu yote. Na ni kweli haukuyumba, kwa sababu haukugeuka kabisa. Kona ya kwanza baada ya Nyanguge njia ilikwenda kulia, mimi nikaenda moja kwa moja, nikavuka tuta na kuingia ndani ya jaruba la mpunga mpaka magotini. Kina mama waliokuwa wanapandikiza walinyanyuka wote.

"Baba, njia iko huku!" mmoja akaniita.

"Mwache," mwenzake akasema, "kaja kutusaidia kupanda."

Walicheka mpaka mmoja akaketi majini. Jitu akashuka, akawaamkia kwa Kisukuma kizuri kuliko changu, wakacheka upya kwa kumsikia. Akaniosha tope kwa maji ya chupa yake, yeye mwenyewe akaulegeza usukani wangu kwa spana ndogo bila kuuliza nani aliukaza. Kisha akanitazama usoni muda mrefu.

"Umechoka, Mabula?"

"Kidogo tu."

Ningesema pale. Tope likiwa bado masikioni, kina mama wanacheka, ingekuwa rahisi kusema kwa utani: Bwana Jitu, hizi shokapu zako zitaniua. Angecheka na yeye, na mngekuwa mnasoma habari nyingine. Nilisema kidogo tu, naye akanihurumia. Tulikuwa tumepanga kulala Lamadi. Alisema tulale Magu, hamna haraka, na aliyesema hivyo ni mtu ambaye kuliko sote ndiye aliyekuwa na haraka.

Magu hadi Lamadi

Pale tulipolala Magu kulikuwa na muuza mchele anapakia magunia alfajiri. Aliniona nahangaika na usukani, akanipa ushauri wa bure. Tatizo langu, alisema, mbele ni pepesi. Baiskeli za kwao hazisumbui kwa sababu zina mzigo. Weka mzigo mbele itatulia. Niliona ana akili, nikanunua mfuko wa mchele wake, nikaufunga juu ya usukani kwa mpira.

Jitu alipotoka na kuuona alisimama. Macho yakamlegea.

"Umemnunulia Mama mchele," akasema. "Mimi mwenyewe wala sikukumbuka."

Mngejibu nini? Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwema. Kuanzia hapo kila tulipopumzika alikuwa ananishukuru, na kila aliponishukuru mdomo wangu ulizidi kuwa mzito. Ningewezaje tena kumwambia kwamba mchele ulikuwa dawa ya shokapu zake?

Mchele ulisaidia kwenye kupanda. Kwenye kushuka ulikuwa balaa, maana sasa mbele parushwapo panarushwa pamoja na mzigo. Baada ya daraja la Simiyu tulikuta kundi la ng'ombe linavuka njia. Jitu alipunguza mwendo akasimama vizuri. Mimi nilishika breki, mbele pakaruka, nikaangukia ubavuni mwa ng'ombe dume ambaye kwa bahati alikuwa na roho nzuri kuliko mchungaji wake. Mchungaji alinijia na fimbo yake, akaninusa.

"Mzee, umeanza mapema leo."

"Sijanywa."

"Basi kanywe, labda utanyooka."

Jitu hakucheka. Alikuwa amekwisha shuka, ananipapasa mabega na mbavu kama daktari. Sikujua wakati ule alikuwa anawaza nini. Nilidhani anaangalia kama mchele umemwagika.

Lamadi tuliingia jua likiwa limekwisha kutoka utosini, tukatafuta chakula. Mnajua Jitu hali nyama wala samaki, na mnajua pia kwamba ukisema mboga kwa mama lishe wa kwetu unaweza kuletewa sato mzima. Kwa hiyo yeye, mzaliwa wa hapa, husema kila neno: mboga za majani, zisizo na nyama, zisizo na samaki. Mama wa watu akaitikia vizuri, akaleta mchicha, na ndani ya mchicha dagaa wamejaa wanatukodolea macho.

"Mama, nilisema bila samaki," Jitu akasema kwa heshima.

"Hamna samaki humo baba."

"Na hawa?"

"Hao dagaa."

"Dagaa si samaki?"

Yule mama alinigeukia mimi, kana kwamba naweza kumweleza mgeni huyu jinsi dunia ilivyo. "Samaki ni samaki," akasema, "dagaa ni dagaa." Jitu akacheka kweli, kicheko chake kile cha kutikisa benchi. Akala ugali na chumvi na pilipili, na kunisogezea mimi ule mchicha. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa cha mwisho katika safari.

Tulipomaliza, Fuso tupu lilikuwa limesimama mbele ya kibanda, linakwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe, kuchukua mzigo. Jitu aliongea na dereva kisha akaja kwangu, anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto ale.

"Tupakie baiskeli. Kwa gari tutawahi kivuko, jioni tuko kwa Mama."

Nilimwona ananionea huruma, na huruma yake ilinichoma. Nikawaza pia, na hili naliweka wazi, kwamba anataka kuvunja nadhiri yake kwa ajili yangu.

"Si uliahidi baiskeli?" nikamwambia.

"Niliahidi kufika," akasema.

"Tutafika. Twende."

Akanitazama, akalitazama Fuso, akampungia dereva mkono aende. Nimezisimulia sehemu nyingine za safari hii mara nyingi kichwani na kila mara nikajipatia kisingizio. Kwa ile ya Fuso sijapata. Mtu alinifungulia mlango na mimi nikaufunga kwa mikono miwili, nikiamini namfanyia hisani. Najuta, na najua nitaendelea kujuta.

Tulifika Bunda jioni, tumekokota zaidi ya kuendesha.

Bunda hadi Kibara

Jumamosi tulitoka alfajiri tukashika njia ya Kisorya. Hesabu ilikuwa bado inakubali, kwa kubana: tukiwahi kivuko cha asubuhi, Jitu angemsalimia Mama Konsolata, angekaa naye kidogo, na kupanda meli ya mchana pale pale Nansio. Aliendesha mbele kimya. Mimi nyuma, nimeupunguza upepo wa tairi la mbele mpaka linaburuzika, na bado usukani unanipiga mikononi.

Pancha ya kwanza ilikuwa mashambani, ya pili karibu na shule. Viraka vikaisha. Kabla ya Kibara tairi lilikaa chini kabisa, tukaketi kwenye ukingo wa barabara, pamba pande zote mbili. Jitu alitoa simu, akaitazama saa, akairudisha mfukoni. Hakuipiga. Alikaa mikono juu ya magoti, na ghafla nilimwona ni mzee.

"Mabula," akasema, "niambie kweli. Ni moyo?"

"Moyo gani?"

"Unaumwa. Tangu juzi nakuona. Unayumba, unaanguka, unatoka jasho kwenye tambarare. Nilikataa kwenda haraka nisije nikakuua. Jana nilitaka gari kwa ajili yako, ukakataa. Kama ni moyo sema, nakupeleka hospitali sasa hivi, mambo ya Nansio tuyaache."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku zote zile nilidhani ananiona nimechoka tu, kumbe ananiona mgonjwa anayeficha.

"Siumwi," nikasema. "Ni shokapu."

"Shokapu zina nini?"

"Zinanikataa. Mbele panaruka, usukani hautulii. Tangu Ilemela."

Akageuka akaitazama baiskeli. "Si nilikuambia upunguze upepo?"

"Nimepunguza. Nimepunguza mpaka umeisha."

"Umepunguza wa wapi?"

"Wa matairi."

Jitu alinyanyuka, akaisimamisha baiskeli yangu, akapangusa vumbi juu ya mguu wa kushoto wa shokapu, mahali ambapo nilidhani ni urembo tu, akafungua kifuniko kidogo cheusi. Ndani yake palikuwa na tundu la kujazia upepo, sawasawa kabisa na lile la tairi. Akalibonyeza kwa ncha ya spana. Lilitoa upepo kwa sauti nyembamba, likanyamaza. Akaniambia nipande. Nikapanda juu ya tairi lililolala, na kwa mara ya kwanza mbele pakanipokea, pakashuka taratibu na kurudi.

"Shokapu hizi ni za upepo," akasema polepole, kama anajieleza mwenyewe. "Hazina springi. Mimi nilikwambia upepo, sikukwambia wa wapi."

"Na mimi sikuuliza."

"Kwa nini hukusema, ndugu yangu?"

"Ilikuwa zawadi."

Aliinama akakifunga kile kifuniko vizuri, akakikaza zaidi ya inavyohitajika. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Hakunikasirikia, na laiti angenikasirikia ningelala vizuri zaidi siku hizi.

Tuliingia Kibara tunatembea, tukapata mpira mpya. Jitu aliuliza kwa watu wa pale habari za kivuko na za meli, akaniita pembeni. Kivuko angekipata, lakini si meli. Akivuka leo, hapakuwa na chombo cha kumrudisha Mwanza kabla ya ndege yake ya asubuhi, na huko Mwanza mkewe alikuwa amekaa juu ya masanduku katika nyumba ambayo si yao tena.

"Nenda wewe," akasema. "Anatungoja. Mweleze yote kama yalivyokuwa, usifiche kitu."

"Mpigie kwanza."

"Nimpigie nimwambie niko Kibara lakini siji? Siwezi, Mabula. Mwambie wewe."

Basi la kwenda Mwanza likaja. Kondakta akasumbua kuhusu baiskeli, ikapandishwa juu, ikafungwa. Jitu alinikumbatia mbele ya watu wote wale, akaniambia nimpelekee Mama ule mchele wangu, kisha akapanda akakaa upande usioelekea ziwani.

Kibara hadi Rugezi

Sasa sikilizeni hili, na mnaojua baiskeli mtanielewa. Tairi limejaa, shokapu zina upepo wa mwili wangu, na baiskeli ile ikawa kitu kingine. Niliacha lami makusudi. Mashimo niliyapita kama hayapo. Kwenye mawe gurudumu la mbele lilijua pa kukanyaga kabla yangu, na kwenye kona nilikuwa natazama tu ninakotaka kwenda, nakwenda. Ziwa liko upande mmoja linameta, mihogo upande wa pili, na mimi nakimbia. Kuna wakati nilijikuta naimba. Nikanyamaza kwa aibu, maana kipande kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuendesha kilikuwa hicho, na mwenye zawadi alikuwa ndani ya basi anarudi.

Kisorya kivuko cha kwenda Rugezi, ng'ambo kisiwani, kilikuwa hakijaondoka. Nilisimama katikati ya pikipiki na kreti za soda. Abiria mmoja aliyekuwa karibu yangu, mtu mwema wa maongezi, akasema leo upepo umepungua, tutavuka vizuri. Nilimwitikia, nikaisukuma baiskeli yangu mpaka upande mwingine wa kivuko, nisiendelee na habari za upepo.

Nansio

Nyumba ya Mama Konsolata haikunipa taabu. Mtu wa kwanza niliyemuuliza alisema, "Unakwenda kwenye ugeni?" Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka njiani. Kulikuwa na mkeka, na viti viwili vya plastiki vilivyofutwa, na kina mama majirani wamekaa barazani. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, amejifunga kilemba, mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria. Bakuli zimefunikwa mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu." Alikuwa anatazama nyuma yangu, njiani. "Mwenzako umemwacha wapi?"

Nilimkabidhi mchele, nikaketi nikamweleza. Niliagizwa nisifiche kitu, sikuficha. Nilianza na duka tupu, nikaja kwenye matairi, pancha, jaruba, mchele, ng'ombe, Fuso, Kibara. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyokuwa mepesi. Mama Konsolata alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo alifika Kibara," akasema.

"Alifika mama."

"Kibara hapo?" Akanyoosha kidevu kuelekea majini.

"Ndiyo."

"Baiskeli yake ilikuwa na ubovu?"

"Hapana mama. Yake ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa yangu."

"Nzima haikufika," akasema, "mbovu ndiyo imefika."

Nilirudia habari ya upepo tangu mwanzo. Akanyanyuka kwa shida, akaenda mpaka kwenye baiskeli niliyoiegemeza ukutani, akaweka viganja viwili juu ya usukani na kuukandamiza. Shokapu zikashuka, zikapanda, laini kabisa. Akanigeukia.

"Hii?"

"Ilitengenezwa mama. Pale Kibara. Jitu mwenyewe ndiye aliyeitengeneza."

"Aliitengeneza, halafu akarudi."

Nilitoa simu nikasema nimpigie, aongee naye, amsikie kwa mdomo wake. Alinizuia kwa mkono. "Kwa simu tumeongea miaka yote. Leo hapana." Akafunua bakuli, akanipakulia ugali wa muhogo na mchuzi wa karanga na maboga, akamenya chungwa akaniwekea kando. Majirani waliaga mmoja mmoja. Nilikula kwa sababu hakukuwa na namna ya kutokula, naye alikaa akinitazama nikila, bila uchungu wowote usoni.

Nilipotaka kuondoka alinishika mkono.

"Mwambie sikukasirika," akasema. "Mtu kuaga kwake kukiwa kugumu hutafuta sababu, nami simlaumu, nilimlea, namjua. Ila wewe ni mtu mzima, baba. Asikutume tena na habari ya baiskeli."

Nilifungua mdomo, na nikaona kwamba kila nitakachosema kitakuwa habari ya baiskeli. Nikasema asante mama, nikatoka.

Jitu amekwisha fika kwa binti yake. Ameniandikia ujumbe mfupi: "Alielewa?" Una siku kadhaa sasa kwenye simu yangu, naufungua na kuufunga, na sijamjibu.